Utafikia kwa Nani?

Katika matanga ya shangazi yangu, Bi Mwanaidi, ukumbi umejaa wanawake na harufu ya udi, mmoja wao alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Huyu bibi tangu nimjue sijamsikia kusema uongo." Wakaitikia wote, kweli, kweli, na vichwa vikatikiswa. Mimi nikajishughulisha na birika la kahawa. Si kwamba nabisha. Shangazi yangu alikuwa msema kweli mpaka anaudhi; ukimuuliza kama nguo imekukaa atakwambia haikukukaa, na ukimuuliza kama umenenepa atakwambia ndiyo, na atakwambia tangu lini. Lakini uongo aliusema, mara moja, kwa kiapo, mchana kweupe, na aliusema kwa ajili yangu. Tuliokuwepo tulikuwa watatu na sasa nimebaki mimi tu. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, nimewakataza uongo kwa chaki na kwa fimbo, na bado nasema kwamba katika yote aliyonifanyia shangazi, na alinifanyia mengi, huo uongo ndio ninaoupenda zaidi.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mwalimu wa skuli ya wasichana, na nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea ualimu kwa miaka miwili. Nilikaa kwa shangazi, mtaa wa Sokomuhogo, katika nyumba nyembamba yenye ngazi zilizomkata pumzi kila mgeni, na shangazi akipenda hivyo, kwani alisema mgeni akifika juu anahema hawezi kuanza umbea mara moja. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kirefu cha kupandia kijibao, kasha la nguo, na dirisha lililotazamana na dirisha la jirani kwa karibu kiasi kwamba tuliweza kupeana ndimu bila mtu kutoka nje. Hapo dirishani ndipo shangazi aliposhona kofia, mchana kutwa, miguu ameikunja, na akisikiliza kila lililosemwa njiani chini. Nikienda Darajani kununua mchicha, nikirudi alikuwa ameshajua nimemwamkia nani na nimempita nani. "Mzee Khatibu hukumwamkia," ataniambia kabla sijavua viatu. "Sikumwona, shangazi." "Yeye kakuona." Ndivyo tulivyoishi, na sikujua kwamba kuna kuishi kwingine, ila nilikuwa nikikuwaza.

Baba yangu alikuwa ameshafariki, na mwenye kauli juu yangu alikuwa Ba Mkubwa Haji, kaka yake shangazi. Alikuja kila siku baada ya laasiri, akapiga hodi chini ijapokuwa mlango uko wazi, akapanda, akakaa kwenye kiti kile kile na kunywa kahawa na dada yake. Alikuwa mtu wa dini hasa, aliyesoma vitabu, mwenye duka la nguo na sauti ndogo. Na kadiri alivyokasirika ndivyo sauti ilivyozidi kuwa ndogo, mpaka ukatamani apige kelele upumue. Chuo cha Uingereza kilikuwa kimeleta maelezo na karatasi ya ridhaa, na yeye ndiye aliyetakiwa aitie mkono. Alhamisi ile nilikuwa nimepika mkate wa kumimina, umetoka vizuri, na nilidhani mambo yote yatakwenda vizuri vile vile. Ba Mkubwa alivaa miwani, akasoma karatasi yote, kisha akasema, "Wanasema likizo bweni linafungwa, kila mwanafunzi ajitafutie pa kukaa. Wewe likizo utakuwa wapi?"

"Ntatembea, Ba Mkubwa."

"Utatembea wapi?"

"Ulaya. Ufaransa, Italia, huko huko. Kuna treni."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Sindano ya shangazi ikasimama. Ba Mkubwa akaweka kikombe chini. "Utafikia kwa nani?" akauliza.

Anayetoka kwetu anajua kwamba hilo si swali la ubishi. Hata ukienda Makunduchi kulala siku mbili utaulizwa. Mtu hafikii mahali. Mtu hufikia kwa mtu. Ukiwa na wa kumfikia, una safari. Ukiwa huna, unazurura, na msichana anayezurura jina lake mnalijua. Mimi nilikuwa nimeshalala siku nyingi na ramani ya treni za Ulaya, niliyopewa na mwalimu mwenzangu aliyetangulia kusoma huko, mistari myekundu imetapakaa kama mizizi, nikipanga: Pasaka hapa, majira ya joto pale. Nikajibu kwa ujuzi wangu wote wa ramani kwamba ziko nyumba za wageni, unalipa, unapewa ufunguo, unalala.

"Kama mzigo bandarini," akasema Ba Mkubwa.

Ningenyamaza hapo, ningekuwa na akili. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na jambo lenyewe lilikuwa limenijaa kifuani, likatoka. "Ba Mkubwa, mimi nataka niende mahali pamoja tu ambapo hakuna anayejua mimi mtoto wa nani."

Njiani chini mwuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake. Ba Mkubwa alivua miwani, na sauti yake ilipotoka ilibidi niiname niisikie. "Unatuonea haya?"

"La, Ba Mkubwa! Si hivyo."

"Basi sikiliza. Kusoma utakwenda, sikukatazi. Lakini Wallahi, na Mwanaidi shahidi, hukanyagi mji hata mmoja usio na mtu wetu wa kukupokea. Nitajieni miji yenu na watu wake, mji mmoja mmoja, niridhike. Bila ya hivyo karatasi hii sitii mkono."

Akaikunja, akaitia mfukoni, akashuka ngazi. Mkate wangu ulibaki vile vile. Nilijitupa kitandani nikalia kwa hasira, kwani nilimpenda Ba Mkubwa na sikuweza hata kumchukia nipoe. Mimi sikuwa nikiwaonea haya. Niliwapenda wote, na mzee Khatibu asiyeamkiwa pia. Ila tangu nianze kutembea, kila mlango niliogonga nilianza kwa kutaja baba na babu, kisha nikaambiwa pua ni ya fulani na mwendo ni wa fulani, na nilitaka kujua wakiondolewa hao wote kwa siku mbili tatu atabaki nani. Hayo naweza kuyasema leo. Siku ile nilichojua ni kwamba nataka, na kwamba nimeshaharibu. Shangazi aliningoja nimalize, akakata uzi kwa meno. "Nyamaza sasa," akasema. "Kasema mtu wetu. Hakusema ndugu. Mtu hutafutwa."

Tukaanza kutafuta watu wa Ulaya ndani ya Unguja. Kwa shangazi, Ulaya ilikuwa mji mmoja mkubwa wenye baridi, na ilinichukua jioni nzima kumweleza kwamba kutoka Marsei mpaka Jenoa si kama kutoka Sokomuhogo mpaka mtaa wa Malindi. Akishaelewa, akavaa buibui lake na kuingia kazini. Hakuna nyumba ambayo hakuingia. Alikaa, akauliza hali, akauliza watoto, akanywa chai, kisha, kama mtu aliyekumbuka tu, akauliza: "Hivi nyie hamna mtu Ulaya?" Na mambo yalivyo kisiwani kwetu, watu walikuwepo. Kikwajuni alipatikana Mngazija mmoja, Mzee Mbaraka, mpishi wa meli aliyestaafu, ambaye mpwa wake alikuwa ameoa na kukaa Marsei. Tulikwenda kwake mchana, tukawekewa wali na mchuzi wa kamba kabla hata hatujasema shida yetu, na alipoisikia alifurahi kama kwamba anayekwenda ni yeye.

"Atakaa siku ngapi?" akauliza.

"Siku tatu," nikasema.

"Tatu! Khaa! Wanifanyie hivyo watu wangu? Mtoto katoka Unguja akae siku tatu? Atakaa mwezi."

"Mzee Mbaraka, likizo yenyewe haifiki mwezi."

"Basi atakaa likizo," akasema, akaniongezea wali. Njiani kurudi shangazi alitembea kwa madaha kama bibi arusi, na mimi nyuma yake nikihesabu kichwani siku zinavyoliwa.

Jenoa tuliipata Mkokotoni. Tulipanda gari la shamba asubuhi, shangazi amebeba kikapu cha mikate ya ufuta kwa sababu hakuna kwenda kwa mtu mikono mitupu, tukamkuta mzee Makame, mtu wa Tumbatu, aliyekuwa amechoma makaa katika meli za moshi miaka na miaka. Alikuwa amesimama uani kwake akifua nazi, kifua kipana, kope zimeungua na hazikuota tena. Alisema ndiyo, Jenoa anapajua, yuko mjane mmoja mwenye nyumba ya kulaza mabaharia karibu na bandari, na mama huyo alimuuguza homa mpaka akapona. Shangazi akamhoji kama anayemposea mwana. Je, ni mtu mwenye heshima? Ni mwenye heshima. Anasali? Anasali kwao. Anapika nini? Samaki, kwa nyanya na majani. Atamkumbuka? Hapo mzee Makame akaacha nazi. "Bi Mwanaidi, mie nlimwachia koti langu," akasema. "Mtoto akifika aseme katumwa na Makame aliyeacha koti. Atafunguliwa." Shangazi alitikisa kichwa kwa kuridhika, na katika gari la kurudi alinikaririsha maneno hayo kama Alhamdu.

Lizboni tulipewa na fundi cherahani Mgoa aliyekuwa na dada yake huko, na London yenyewe ilikuwa na Waunguja wa kutosha kufanya maulidi. Mwezi wa pili wa kutafuta haukuisha ila ramani yangu ilikuwa imejaa watu. Kila mmoja na masharti yake: huyu nimpelekee achari ya maembe, yule nimpelekee karafuu, yule nisithubutu kula kwa mwingine kabla ya kwake. Majirani walianza kuja wenyewe kutuletea wenyeji tusiowaomba. Kupitia dirishani nilimsikia jirani akimwambia mgeni wake, "Mtoto wa Bi Mwanaidi hamalizi Ulaya yote, watu wanamgombania," na akajibiwa, "Bora, maana peke yake angefanya nini huko?" Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa nikiamka asubuhi moyo mzito.

Shangazi aliliona. Mchana mmoja tulikuwa tunachambua mchele, sinia katikati yetu. "Mbona uso umeukunja? Miji umepata, watu umepata. Unataka nini tena?"

"Shangazi, huko kote ntakuwa kwa watu. Itakuwa Unguja hii hii, imesogezwa tu."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akachagua kokoto moja, akaitupa. "Unajua mie," akasema, "tangu kuzaliwa sijalala nyumba isiyo na mtu. Nimetoka kwa mama nimeshikwa mkono, nikaingia kwa mume nimeshikwa mkono, kafa mume nimerudishwa hapa nimeshikwa mkono. Hata nikiingia chooni mtu atanigongea, 'Bi Mwanaidi, uko humo?' Nikiwa peke yangu huwa mtu wa namna gani, mie sijui, Zuhura. Sijapata kumwona." Alisema bila huruma ya nafsi yake, kwa kawaida tu, na mikono inaendelea na mchele. Mimi nilimtazama mwanamke huyu niliyelala naye chumba kimoja miaka yote, nikaona nilikuwa sijamuuliza hata siku moja anataka nini. Kisha akasema, "Lete hiyo karatasi yako ya treni. Mji upi?"

Nikamwonyesha Viena. Niliuchagua kwa sababu mistari mingi myekundu ilikutana hapo, na kwa sababu katika mizunguko yetu yote hakuna aliyewahi kuutaja. Nilikuwa nimeuzungushia penseli.

"Hamna Mngazija huko?"

"Sijasikia."

"Mgoa?"

"Hamna."

"Baharia je?"

"Hakuna bahari, shangazi."

"Hakuna bahari!" akasema, akalitazama lile duara la penseli kwa muda mrefu. "Basi huo," akasema.

Siku ya hesabu ikawa Ijumaa. Ba Mkubwa alitoka msikitini, akala kwetu wali wa nazi na changu wa kupaka, akanawa, akatoa karatasi mfukoni pamoja na kalamu. Nilitandaza ramani juu ya mkeka. Nikataja, naye akauliza, na shangazi akajaliza. Marsei: mpwa wa Mzee Mbaraka, mtu na mkewe, Waislamu. Vizuri. Jenoa: mjane, heshima zake, koti. Ba Mkubwa alitabasamu kidogo hapo, akasema vizuri. Lizboni: dada wa fundi, Wakristo lakini watu wazuri, tunawajua. Vizuri. Nilikuwa nimekusudia kuuruka ule mji, kisha nimwambie ukweli siku nyingine, sijui lini. Lakini kidole chake kilitembea juu ya ramani taratibu, kikasimama kwenye penseli.

"Na hapa?"

Kusema uongo mbele ya Ba Mkubwa nisingeweza, na ukweli ulikuwa unamaliza kila kitu. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Hapo yuko mtu," akasema shangazi.

"Nani?"

"Bi Maryamu."

"Bi Maryamu wa wapi?"

"Wa hapo hapo Viena, kaka. Mtu mzima. Anakaa peke yake, na Zuhura atafikia kwake."

Ba Mkubwa alimgeukia. Walikuwa wanafanana sana, nyusi zile zile. "Mwanaidi," akasema kwa sauti ndogo kabisa, "sema kweli."

"Wallahi yuko," akasema shangazi yangu, ambaye hakuwahi kumdanganya hata mwuza samaki.

Ba Mkubwa hakutia sahihi. Alikunja karatasi tena, akasema ataipitia nyumbani, akaaga. Shangazi alitoa vyombo, na nilipomfuata jikoni nilimkuta amesimama ameshika ukuta. Nikataka kumkumbatia, akanisukuma kwa kiwiko. "Nenda huko, usinishike, nisije nikacheka," akasema, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

Asubuhi iliyofuata aliniwekea chai na maandazi ya mtu mmoja. Alisema amefunga.

"Leo Jumamosi, shangazi. Si Jumatatu wala Alhamisi."

"Najua leo Jumamosi."

Nilielewa, na mtu yeyote aliyekaa chuo cha Kurani kwetu angeelewa. Mwenye kuapa kwa jina la Mungu kisha akaapia uongo, au akaapa na asitimize, ana kafara ya kulipa: alishe maskini kumi, na asiyekuwa na uwezo wa kuwalisha afunge siku tatu. Shangazi alikuwa mjane wa kushona kofia. Akafunga. Nikamwambia, kwa upole nilioweza, "Shangazi, Ba Mkubwa hajatia sahihi. Ungengoja kwanza, akishatia ndo ufunge."

"Na nikifa kabla?" akasema. "Nikiulizwa nijibu nini, kwamba nlikuwa nangoja treni ya Viena?"

Laasiri Ba Mkubwa akaja. Nikamtilia kahawa. Akatazama sinia. "Mbona kikombe kimoja?"

"Nimefunga, kaka."

"Jumamosi?"

"Naam."

"Unalipa Ramadhani?"

Shangazi alikuwa amefunguliwa mlango, apite tu. Ndiyo moja, na mambo yamekwisha. Nilimwombea aseme ndiyo, nilimsukuma kwa macho. Shangazi alinyoosha kofia juu ya goti, akatafuta tundu la sindano. "La," akasema. "Silipi Ramadhani." Ba Mkubwa akamaliza kahawa yake, akashuka. Jumapili alikuja, akaona kikombe kimoja, hakuuliza. Jumatatu vile vile. Jumanne shangazi alikunywa chai yake kama kawaida, na siku hiyo Ba Mkubwa hakuja, wala Jumatano, wala Alhamisi. Haijapata kutokea kaka yake akose siku tatu kupanda ngazi zile.

"Amejua," nikasema.

"Amejua tangu Jumamosi. Hayo ya kafara kanifundisha yeye, tulipokuwa wadogo." Alisema hivyo akiendelea kushona, lakini kila laasiri ilipofika alitayarisha birika na vikombe viwili, na ilipoingia magharibi alivirudisha kabatini vikavu. Mimi sikuwa nikiwaza tena Viena. Nilikuwa nikiwaza kwamba nimewagombanisha ndugu wawili kwa ajili ya duara la penseli, na niliazimia Ijumaa ikifika niende dukani kwa Ba Mkubwa nimwambie siendi kokote, si Viena wala Uingereza, nirudishiwe darasa langu.

Ijumaa ilipofika, kabla sijavaa buibui, mchukuzi alipiga hodi. Alikuwa na mchele mgongoni na kikapu cha nyama, samli na vitunguu. Nyuma yake, akihema kwa ngazi, Ba Mkubwa mwenyewe. Hakukaa kwenye kiti chake. Alikuja moja kwa moja jikoni, mahali ambapo sijapata kumwona, akasimama mlangoni.

"Mwanaidi, nipikie pilau. Iwatoshe watu kumi. Maskini, si jamaa."

Shangazi alikuwa ameshika upawa. Akauweka chini. "Kaka," akasema.

"Nliapa, na wewe ukawa shahidi wangu, kwamba mtoto huyu hakanyagi mji usio na mtu wetu. Sasa kiapo changu nimekivunja. Karatasi nimeitia mkono jana, nimeipeleka mwenyewe. Na mimi alhamdulillahi naweza kulisha, sina haja ya kufunga." Akanitazama mimi. Nilitaka kumbusu mkono, nilitaka kusema neno, na sikuweza ila kulia kama mtoto. Shangazi naye alikuwa ameanza. "Msinililie kwenye nyama," akasema Ba Mkubwa, "chumvi itazidi," na huo ndio mzaha wa pekee niliopata kumsikia nao maisha yake yote.

Tulipika. Nilimenya vitunguu vyote ili nipate kisingizio cha machozi. Viena nilifika, mwaka uliofuata, siku ya mvua, nikapewa ufunguo na mtu ambaye hakuinua hata uso. Siku ya kwanza nilitembea mji mzima nikicheka peke yangu, hakuna aliyenijua wala aliyenifananisha na mtu. Siku ya pili nilimtajia mwuza mikate jina langu kamili, na la baba na la babu, bila ya kuulizwa. Niliporudi Unguja shangazi alifunga mlango wa chumba na kutaka nimwambie kila kitu, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Enhe, ulimwona? Huyo Zuhura wa peke yake, mtu gani huyo?" Tulizungumza mpaka adhana. Lakini hayo yalikuja baadaye. Ijumaa ile nilikuwa na sahani za kubeba.

Walikuja baada ya sala, wazee wa kiume wakakaa upande mmoja wa ukumbi wa chini na wanawake upande wa pili, mikeka imetandikwa. Ba Mkubwa aliwanawisha yeye mwenyewe, amekunja mikono ya kanzu, birika na bakuli mkononi, na hakuna aliyejua kwa nini analishwa ila sisi watatu. Mimi nilipita na sahani. Bibi mmoja mkongwe, mwenye macho yaliyoingia ukungu, alinishika mkono nilipomwekea chakula chake, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko, kama wanavyofanya wasioona vizuri.

"Mkono mzuri," akasema. "Mwanangu, wee mtoto wa nani?"

Nilifungua mdomo. Jina la baba na la babu yalikuwa yameshafika ulimini, yenyewe, kama siku zote. Ba Mkubwa, aliyekuwa ameinama hapo karibu na birika lake, akaniwahi.

"Huyo ni Zuhura," akasema.

Bibi akangoja, uso ameuinua, kwani kwetu jina moja si jibu. Ba Mkubwa akamsogezea achari karibu na mkono, akapita kwa mtu wa pili.